Uji ya Siku ya Tatu

Mwene-Ditu, tarehe 14 Novemba 1993

Kwa yaya Adolphine Mukalay, ku Kapata, Kolwezi,

Jambo kwako, jambo kwa batoto yako batatu, jambo kwa bote ba layini yetu bale bangali banaitika jambo yangu. Siye huku tuko bazima. Tata Ntambwe anakohoa, anatembea paka mupaka ku mulango na kurudia. Mama anashona nguo ya bengine. Tuko bantu kumi na mine mu byumba mbili, kwa ndugu ya tata, na majirani ya hapa banatuita "bantu ya Katanga". Unasikia? Tata alitumika miaka makumi tatu na moja mu mugodi ya Kolwezi, banamufukuza juu eko mutu ya Kasai, anafika Kasai, banamwambia yee ni mutu ya Katanga. Nionyeshe muji yetu iko wapi, nitaenda kwa miguu.

Sikuandike juu ya ile. Ninaandika juu ya chakula ya asubui.

Mama Henriette, bibi ya machiniste ya train, ule atakayekuletea hii barua, alikutana na batoto yangu mu njia ya masomo. Anasema Mignonne na Ndaya balikuwa banakimbia, kila moja na beignet moja, andazi ya mafuta, mu mukono, na midomo inangaa mafuta. Yaya, beignet ya barabara, ya mafuta ya kupikia mara kumi. Mi nilifundisha bamama ba Foyer ya Kapata, masomo ya bamama, miaka tisa kama mutoto hawezi kusoma na tumbo ya mafuta na chai ya rangi, na leo batoto yangu mwenyewe njo banaenda vile.

Najua asubui yako. Unaamka saa kumi, unapanga ndoo ku robine ya mayi, saa kumi na mbili uko njiani ya kwenda ku soko, na sasa uko na batoto tano kwa kuvalisha, batatu yako na babili yangu. Sikulaumu. Stany, bwana yangu na ndugu yako, aliniambia ku gare ya train, "Miezi tatu, bibi, kiisha utarudia." Ni miezi nane. Batoto ni ya tata yao, mutu ya Katanga, balisema, mama apande train. Nilipanda. Lakini kuwalisha kungali kazi yangu, hata na kalamu.

Sikiliza. Chakula ya asubui inatayarishwa siku ya posho, njo kusema Jumamosi, hapana asubui yenyewe. Siku ya posho unakaanga mahindi, soja na kalanga, kila kitu peke yake, juu habiive pamoja. Mahindi kopo ine, soja kopo moja, kalanga kopo moja. Unatwanga, unachunga, unatia mu kopo ya maziba ya kufungika muzuri. Asubui ni mayi ya moto na dakika kumi, basi. Siku moja unabadilisha: biazi ya kuchemusha mangaribi, unaitoa maganda asubui na kuikula na kalanga. Bukari ya jana, ule ugali, usitupe, kata-kata, kausha ku moto. Papai iko nyuma ya choo yetu, usiache bajirani bakule yote. Na siku ya tatu ya juma, juu nyama haiko, tia mu uji kijiko moja ya bunga ya bilulu, badudu ba kula, ile ya kukauka ba mama ya Musumba banauzisha na kopo. Inajenga damu. Naandika jina yake sawa iko. Ilikuwa jina ya chakula mbele ya kuwa jina banatutukania siye ba Kasai.

Umwambie Stany aniandikie.

Mudogo wako,
Tshibola Yolande

*

Kapata, tarehe 2 Januari 1994

Kwa Mama Mignonne,

Heri ya mwaka mupya, kama iko na heri. Kwetu tunapumua. Mutoto yangu Blandine alipata surua, akapona. Mume ya jirani yetu hakupata mushahara miezi tano, anauzisha mabati ya nyumba yake kidogo-kidogo, mvua inaingia. Stany anakusalimia.

Barua yako ilifika kisha juma ine, ya kunuka mawese, juu Mama Henriette aliitia mu ndoo ya mafuta. Niliisoma nikakaa chini. Kiisha nikasimama, kasirani ilinisimamisha. Yolande, mi si mwanafunzi ya Foyer. Nilizaa batoto sita, batatu bako mu udongo, batatu bako na meno yote mu kinywa, na hakuna muntu alinipatia papier, hata karatasi moja, ya kuniambia namna ya kupika uji. Ule beignet unatukana ninaupika mi mwenyewe. Njo unanunua chumvi yetu. Mafuta si ya mara kumi, ni ya mara ine.

Weye uko unaandika "kopo moja ya soja" sawa vile soja inaanguka na mvua. Unajua bei? Na nani atatwanga siku ya posho? Siku ya posho ninafua.

Lakini nilibandika papier yako ku ukuta, karibu na moto. Usifikiri ni juu nilikubali. Mignonne alilia wakati aliona maandiko yako, basi nikaona ikae pale.

Tulianza. Nilitwanga na kasirani na unga ikawa laini kabisa. Mignonne anakula. Ba kwangu banakula na kukwangula chungu. Ndaya anakula kidogo.

Ni mi,
Adolphine

*

Mwene-Ditu, tarehe 27 Januari 1994

Kwa yaya Adolphine,

Jambo sana. Tata Ntambwe anakusalimia, anauliza kama unakumbuka siku alikubeba ku baiskeli wakati ulivunja mukono. Mama eko na homa, si ya kuogopa.

Aksanti kwa kutwanga. Nilicheka juu ya mafuta ya mara ine, ilikuwa siku mingi sijacheke. Nisamehe kama nilikufundisha. Mikono yangu haina kitu ya kufanya huku, njo inaandika mingi.

Sasa uniambie: "Ndaya anakula kidogo" ni nini? Kidogo ya kijiko tatu, ao ya sahani nusu? Ule mutoto alikuwa anakula mupaka ninaficha chungu. Eko na miaka saba, asubui inamuchukua mupaka saa sita bila kitu ingine. Kama anakataa soja, punguza soja. Tia ndimu, anapenda uchachu. Kama ni chungu-chungu, ni soja haikuiva. Kama ni minyoo, peleka ku masista bamupatie dawa. Unijibu wazi.

Na ingine. Unaandika "Stany anakusalimia". Stany ni karani. Anakaa mu biro ya kampuni na kalamu tatu mu mufuko ya shati, mi njo nilikuwa nafua lile shati. Juu ya nini salamu yake inapita mu kalamu yako?

Tshibola

*

Kapata, tarehe 6 Machi 1994

Kwa Mama Mignonne,

Jambo kwa Tata Ntambwe. Mukono ule ungali unauma wakati ya mvua, umwambie.

Habari ni muzuri. Uji yako inapata jina. Bajirani babili balikuja kuandika bipimo mu kaye, daftari yao, moja ni ule mama alikataa kukusalimia ku robine, unamujua. Nilimwambia bipimo ni bya mama yangu. Mungu anisamehe, sikutaja jina yako, juu kama ningetaja hangetwanga. Blandine anazidi mwili. Ninaamka saa kumi na nusu sasa, hapana saa kumi, juu kazi ya asubui ilipungua. Ile ni kweli, ninakupatia.

Ndaya alianguka kidogo ku masomo, mu mustari, wakati ya kuimba. Ni jua. Mwalimu alimupatia mayi. Usianze kulia kwa ile.

Ile ya siku ya tatu tuliiacha. Usiiandike tena. Siku ya tatu tunakula biazi.

Stany anakusalimia.

Adolphine

*

Mwene-Ditu, tarehe 10 Aprili 1994

Adolphine,

Sikusalimie.

Mu barua yako mulikuwa papier ingine ya kukunjwa ndogo sawa kidole, ya kaye ya masomo. Ulibandika bahasha bila kuangalia. Ninakuandikia yote, ili usiseme nilibuni:

"Mama, Ndaya hakulake kitu asubui tangu Noeli. Anamwanga uji yake nyuma ya papai. Siku ya tatu alisema hapende bilulu, tantine Adolphine alikuwa na haraka, akasema kula basi, bilulu banakula bilulu benzabo. Bote balicheka. Mi pia nilicheka Mama, nisamehe. Ku masomo Blandine aliambia bengine. Sasa banamuita Kilulu, na mwalimu haseme kitu. Usiseme ni mi niliandika. Mignonne."

Nilisoma ile inje, mbele ya tata. Aliniuliza ni nini, nikamwambia ni habari ya soja.

Adolphine, bale bavijana balisimama mu barabara yetu na kuimba ile neno mbele ya nyumba yangu, sikubajua. Nilisema ni bulevi, ni siasa, ni bashefu balibatuma, itapita. Weye, nilikujua. Nilikaa nawe mu lopitali wakati mutoto yako ya tatu alikufa, mi njo nilimufunga kitambaa. Na unakuja kuchukua ile neno ya barabara, unaitia mu sahani ya mutoto yangu, juu ya papier yangu, mu mukono yangu. Mi njo niliandika jina ile nikifikiri ninairudisha ku chakula. Weye ukaitoa tena ukamupiga nayo mutoto ya miaka saba.

Tangu Noeli. Nikihesabu, ulikuwa umeisha kuisema wakati uliniandikia "anakula kidogo". Nilikuuliza wazi, ukaniandikia jua.

Banasema haraka-haraka haina baraka. Sitaki unijibu ilikuwa haraka. Mi nilifundisha bamama bale bote kama asubui ni saa ya haraka, na mutoto anabeba neno ya asubui mupaka mangaribi, zaidi kuliko uji. Ulikuwa unakuja Foyer kunitania, ungekaa kidogo usikilize.

Kwa mila yenu na yetu, dada ya tata ni tata mwanamuke. Weye uko tata yake. Basi, tata yake mwanaume ananyamaza na tata yake mwanamuke anamutukana, nani anabaki?

Unitumie batoto yangu. Bote babili. Kama hamuwezi bote, basi Ndaya.

Tshibola

*

Kapata, tarehe 22 Mei 1994

Kwa Tshibola,

Nilipokea barua. Nilianza kukujibu mara ine.

Nilisema ile neno. Ni kweli yote Mignonne aliandika, na sikumupiga, usiogope, nilimwambia alifanya vizuri. Banasema ulimi hauna mufupa. Yangu ilivunja mufupa ya mwengine.

Nitakuambia ilikuwa namna gani, hapana kwa kujisafisha. Ile asubui mayi haikutoka ku robine, moto ilikataa, Blandine alipoteza kiatu, na Ndaya alikaa mbele ya sahani na mikono mu mapaja, sawa vile weye unakaa ukikataa. Nikaona sura yako. Nikakasirika nawe, weye ulienda ukaniachia kazi yako na papier ku ukuta. Neno ikatoka. Ninaisikia kila siku ku soko, ilikuwa karibu ya mulango ya kinywa. Batoto balicheka, na mi nilicheka nao juu nilisikia haya. Kiisha nikaona mutoto anashika kijiko, anaiweka chini polepole, anasema, "Aksanti tantine, nimeshiba." Hakuwa amekula hata mara moja.

Tangu siku ile nilipika kila kitu. Nilitia ndimu. Nilinunua yai, Tshibola, yai ya kweli, nikaificha ba kwangu basiione. Ananiambia aksanti. Anaenda kumwanga. Niliacha siku ya tatu nikifikiri atasahau. Nilienda ku masomo kuona mwalimu, akaniambia, "Mama, si weye njo ulianza?" Nikarudia nyumbani.

Na sasa ingine, juu ninakasirika na nitaisema. Stany hakusalimie. Hakukusalimia hata siku moja. Mi njo nilikuwa nabuni ile salamu, ili barua isikuwe baridi. Anaogopa, anasema karani mwenye anaandikia Kasai atafutwa mu liste ya kazi. Ku masomo alibadilisha jina ya mutoto, juu Ndaya ni jina ya Kasai, sasa mu daftari eko "Mukalay Mignonne wa pili", batoto babili jina moja, mwalimu anacheka. Nilimwambia nitume batoto kwa mama yao, hata moja. Alipiga meza. "Batoto ba Mukalay habaendake Kasai." Nilimuuliza lini alikula asubui pamoja nabo, hata siku moja. Alichukua shati yake akatoka. Anatoka mbele ya bote na anarudia kisha bote. Ile njo tata ananikataza.

Nimezuiliwa, Tshibola. Bibi ya bwana aliyekufa, ninakaa mu nyumba ya kampuni ya ndugu yangu. Akisema toka, ninatoka na batatu yangu. Sijue kitu ya kufanya. Usinifundishe leo.

Adolphine

*

Kapata, tarehe 4 Julai 1994

Kwa dada yangu Tshibola,

Mwenye anakupatia hii barua ni Ndaya. Umupokee mbele ya kusoma.

Masomo ilifungwa siku ya posho. Mignonne alikataa kuondoka mbele ya kupata karatasi yake ya mwaka wa sita, atakuja nayo. Anasema mutu moja lazima abaki wa kumupikia tata yake, sijue nani alimufundisha ile, nitaitoa mu kichwa yake. Ndaya anasafiri na Mama Henriette, mu gari ya moshi ya machiniste mupaka Tenke, kiisha Kamina, kiisha kwako. Nilimwandikia ku karatasi ya safari jina yake yote: Ndaya Mukalay, mutoto ya Tshibola.

Sikumuomba Stany ruhusa. Uliniuliza nani anabaki. Nilienda kwa mukubwa ya familia yetu hapa, nikamwambia: mi niko tata ya huyu mutoto, mwanamuke lakini tata, na ninamutuma kwa mama yake. Mzee alikohoa mingi, alisema kama dada ya tata akitaka kutuma mutoto, ndugu yake hana neno ya kusema ila kumubebea mizigo. Nilirudia na ile neno nikampatia Stany asubui mbele ya batoto bote, mbele hajavaa shati. Hakunifukuza. Hakubeba mizigo pia.

Ku njia atakula biazi na yai ya kuchemusha. Atakula kwa Mama Henriette, nilijaribu mara mbili, kwa wengine anakula. Mwili yake itakuumiza macho, usimuulize mbele yake. Ningekuletea mutoto mwenye mashavu, sina.

Nilimuomba musamaha. Hapana mu haraka, nilingoja bote batoke, nikapiga magoti sawa kwa mukubwa, nikaita ile neno na jina yake na kusema nilitenda mubaya. Aliniangalia. Alinifunga kitambaa yangu ile ilifunguka, kiisha akaenda kuvaa kiatu.

Kama siku moja atanijibu, uniandikie. Kama hatajibu, usinitumie salamu yake.

Adolphine